Mchapishaji Alikuwa Mimi

Barua ilinifikia kwa simu Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya duka la kutoa fotokopi mjini Machakos. Ilitoka kwa wakili wa Nairobi nisiyemjua. Nilisoma aya ya kwanza, nikatoka kwenye foleni, nikaziacha hapo kaunta fomu za shule za binti yangu.

Wakili aliandika kwa niaba ya mtu mwenye machimbo ya mawe upande wa Lukenya. Alidai kwamba mhusika mmoja katika riwaya yangu, tajiri anayeficha kifo cha mfanyakazi aliyeangukiwa na mwamba, ni mteja wake, na kwamba nimemchafulia jina. Nilipewa siku saba niondoe vitabu madukani na niombe radhi gazetini, la sivyo tukutane mahakamani. Barua ilielekezwa kwa mwandishi na kwa mchapishaji. Wote wawili walikuwa mimi.

Nilipoamua kujichapishia nilijivuna. Mashirika mawili ya uchapishaji yalikuwa yamekalia mswada wangu hadi nikachoka kuuliza. Nikatafuta mhariri mwenyewe, mchoraji wa jalada mwenyewe, nikabeba maboksi kutoka kwa mpiga chapa mwenyewe. Sikuwahi kufikiria siku ambayo mtu angekasirika. Hakukuwa na ofisi ya kusimama mbele yangu. Kulikuwa na jina langu tu, na namba ya simu nyuma ya kitabu, ile ile ambayo mama hunipigia.

Mume wangu, anayefanya kazi kiwandani Athi River, aliisoma barua mara mbili. Aliuliza kama namjua huyo mtu. Simjui. Akauliza ni nani alinisimulia kisa hicho. Nikamwambia hakuna, nilikibuni mezani jikoni, baada ya miaka mingi ya kuona malori ya mawe yakipita. Akauliza kama nyumba inaweza kuchukuliwa.

Kesho yake nikaanza kukusanya vitabu. Duka la vitabu mjini walinirudishia bila maswali. Nikaenda Kyumbi kwa rafiki yangu anayeuza matunda kando ya barabara; yeye alinipangia vitabu karibu na machungwa ili wasafiri wavione. Hakikuwepo hata kimoja. Alisema mwanamume mwenye pikapu nyeupe alivinunua vyote jana, hakuuliza bei, ila aliuliza ninaishi wapi.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia Machakos. Kwani ni siri?"

Niliyasukuma maboksi ya vitabu chini ya kitanda na kufunga ukurasa wangu wa mauzo mtandaoni. Binti yangu sikumruhusu kucheza nje. Ijumaa, saa sita mchana, pikapu nyeupe ilisimama mbele ya geti letu, injini ikinguruma. Niliketi sakafuni jikoni, chini ya dirisha, simu mkononi, nisijue nimpigie nani. Ilikaa kama dakika kumi, ikaondoka. Hadi leo sijui kama ni yule aliyenunua vitabu au ni mtu aliyekuwa akimtafuta jirani.

Jumamosi nikaenda kwa wakili mmoja mjini, mama wa makamo mwenye ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alisoma barua, akasoma kurasa zenyewe, akaniuliza yale yale ambayo mume wangu aliuliza. Kisha akavua miwani.

"Kama humjui, na kisa umekibuni, yeye alijitambuaje?"

Siku zote hizo niliogopa kwamba nimemsingizia mtu. Sasa nikaogopa kwamba sikumsingizia.

Aliandika jibu fupi: mhusika ni wa kubuni, mwenye machimbo aonyeshe ni ukurasa gani unaomtaja na ni tukio gani analoliona kuwa lake. Mimi nikaambiwa nisitie sahihi chochote, nisiombe radhi, nisipokee simu za namba nisizozijua.

Siku saba zikapita, kisha wiki mbili, kimya. Halafu simu ikalia, nami nikapokea nikidhani ni mpiga chapa. Alikuwa mama kutoka Ndithini. Mpwa wake alikuwa amemsomea sehemu ya kitabu changu.

"Ni nani alikuambia habari ya bwanangu?"

Mume wake alikuwa akichonga mawe Lukenya. Alifia huko, na familia ikaambiwa alianguka kutoka kwenye lori. Nilimweleza kwamba hakuna aliyeniambia. Hakuniamini, na nadhani hajaniamini bado.

Tulikutana ofisini kwa wakili wangu. Nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa yule tajiri, maana huyu nilikuwa nimemgusa kweli. Aliomba nimsomee. Nikasoma, yeye akisikiliza mkoba ukiwa mapajani. Nilipofika mahali mfanyakazi anapoita msaada, aliinua mkono.

"Hapana. Mwenzake wa kazi aliniambia kwa siri. Hakupata hata nafasi ya kuita."

Nilikifunga kitabu. Nilimwambia ukweli, kwamba mimi sina ushahidi wowote, nina hadithi tu. Wakili akamweleza kwamba shahidi ni huyo mwenzake, si mimi. Ilimchukua mjane miezi kumshawishi, lakini mtu huyo alikubali kuzungumza. Shauri lao dhidi ya mwenye machimbo linaendelea, nami simo ndani yake. Wakili wa Nairobi hakuniandikia tena.

Baadaye nilirudisha vitabu madukani. Nikasajili jina la biashara, nikanunua laini nyingine ya simu, na toleo jipya likabeba ukurasa unaosema wahusika wote ni wa kubuni. Nilipousoma kabla ya kupigwa chapa, nilimfikiria yule mama na mkoba wake, nikakaribia kuuondoa. Wakili wangu alikataa.

Riwaya ya pili imekamilika. Inahusu mwanamke anayeuza maji Mavoko. Nimeipitia mara tatu nikitafuta ni nani anayeweza kujiona ndani yake, na bado sijaipeleka kwa mpiga chapa.