Kikopo Chini ya Godoro

Kwetu Masumbwe mama haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe. Mimi niliingia.

Mwaka wa nne wa ndoa yao ulikuwa unaisha na mkamwana hana mimba. Nilimshuku kwa kila kitu: chai anayokunywa, simu anazopokea, hata ukimya wake. Nilikwishamwita baba yake aje Jumamosi, sababu sikumwambia: nilitaka amchukue binti yake, ng'ombe wetu wa mahari warudi.

Mkamwana alipokwenda kisimani nikainua godoro. Kikopo cha plastiki, kina kifuniko, kimeandikwa jina la mwanangu. Nikasema ndiyo hii, anampelekea mganga uchafu wa mwanangu.

Nikakiweka uani juu ya kinu, nikamwita mwanangu.

"Mama, umeingia chumbani kwangu?"

"Jibu kwanza."

"Ni changu. Hospitali wamenipa, nitie mbegu wakapime tena."

Sikuamini. Kesho yake nikaenda nao. Daktari, binti mdogo, akaniamkia.

"Marahaba. Nieleze, mimi sikusoma, na usinizungushe."

Akasema mwili una askari, nao hujifunza mapema nani ni mwenyeji. Mbegu za mwanamume huja baadaye, akibalehe, kwa hiyo hawazijui. Mwili huzijengea uzio, na humo ndani askari hutulizwa. Mwanangu aligongwa kinenani na gogo kule machimboni Segese, uzio ukapasuka. Sasa askari wanazikamata mbegu zake kama wageni.

"Mwili wake mwenyewe?"

"Inatokea, bibi. Tutajaribu kumsaidia, ila siahidi."

"Na huyu?" Nikamwonyesha mkamwana kwa kidevu.

"Hana tatizo."

Daktari yule mpaka leo namtazama kwa jicho la pembeni. Lakini nje nilimwuliza mkamwana, "Ulijua lini?"

"Tangu mavuno, mama."

"Na maneno yangu yote yale ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Wachimbaji wenzake wamcheke?"

Jumamosi baba yake akafika, akakalia kigoda. "Haya, mzazi mwenzangu. Binti yangu kafanya nini?"

Mkamwana alisimama mlangoni, ananitazama mdomo. Mwanangu alitazama chini.

"Hajafanya kitu," nikasema. "Nimekuita nikiri kosa langu. Niliingia chumbani kwao, nikapekua godoro."

"Mayu wee! Mtu mzima na mvi zako?"

"Na mvi zangu."

"Hilo faini yake ni mbuzi."

"Zizi lile pale. Chagua."

Akachagua jike mwenye mimba, mzee yule hana haya. Nikamfungia kamba mwenyewe. Aliondoka na mbuzi, binti akabaki.