Mguu wa Kushoto wa Isidore na Gia Nane

Mtu akikutana na Isidore kwa mara ya kwanza, jicho lake halikai usoni, ingawa uso anao mpana na ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri. Jicho linashuka hadi kwenye mguu wake wa kushoto. Mguu huo hautulii. Awe kwenye benchi la kanisa, awe mezani, awe anasubiri kunyolewa katika soko la mji wa Baraka, mguu unainuka kidogo, unakanyaga chini polepole, unaachia. Unakanyaga, unaachia. Ni mguu wa dereva aliyekanyaga klachi kwa miaka thelathini na mitatu, na hauna habari kwamba gari limeegeshwa.

Kitu ambacho watu hawakukiona, au ndivyo alivyoamini mwenyewe, ni goti la mguu huo. Tangu Pasaka lilikuwa limevimba. Asubuhi lilikataa kukunjika, jioni likakataa kunyooka. Isidore alilikanda kwa maji ya moto, akalifunga kitambaa, akavaa suruali pana, na hakumwambia mtu. Dereva wa miaka hamsini na tisa akisema goti linamuuma, wa kwanza kusikia ni bosi, na wa pili ni yule atakayekabidhiwa funguo zake.

Bosi wake alikuwa Yasmina, mfanyabiashara wa Baraka mwenye mashua mbili ziwani na pikapu mbili barabarani. Pikapu ya Isidore ilikuwa ya dizeli, ya zamani, yenye gia tano, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Kwa pikapu hiyo alikuwa amevuta remorke, yaani tela, ya mihogo kutoka Nundu, ya samaki kutoka Lweba, ya maharagwe hadi Lusenda. Pikapu ya pili, nayo ya dizeli, ilikuwa imeletwa mwaka uliopita. Hiyo ilikuwa na gia nane, na ilizibadilisha yenyewe bila kuombwa. Dereva wake aliitwa Darius, mwanamume wa miaka thelathini na ushei, mwenye miwani ya jua na maneno mengi.

Kwa mwaka mzima Isidore aliisema vibaya pikapu ile kwenye parkingi ya Baraka.

"Vitesi nane," alisema, maana ndivyo gia zinavyoitwa huko. "Nane za nini? Nguvu inatoka kwa motere. Ukiongeza vijiko kwenye meza, chakula inaongezeka?"

"Papa Isidore, we unaogopa tu," Darius alijibu. "Yako inalia kwenye mulima kama mbuzi ya sikukuu."

"Inalia, lakini inafika. Na ile yako, mwenye kuendesha ni nani? Ni we, ao ni motokari?"

"Ni motokari. Mi niko bosi, ninakaa tu."

"Basi siku moja itakuacha kwenye njia, iende yenyewe."

Watu walicheka, na Isidore akacheka nao, huku akibadilisha mkao taratibu ili goti lisimsaliti.

Kiangazi kilipoanza, Mama Marthe, mkuu wa chama cha akina mama wa Fizi, alishuka Baraka kuchukua mashine ya kusaga mihogo. Ilikuwa imefika kwa mashua: mashine yenyewe, motere yake ya dizeli, vyuma vizito vya kuifungia, na mifuko ishirini ya saruji ya kujengea msingi wake. Akina mama hao walikuwa wametwanga mihogo kwa mikono tangu wakiwa wasichana, na walikuwa wameichangia mashine hiyo kwa misimu minne. Isidore hakuwahi kuvuta mzigo mzito kama huo kupanda Fizi.

"Utaweza, Papa?" Yasmina aliuliza.

"Mama Yasmina, ule mulima unanijua."

Kutoka Baraka, kando ya ziwa, hadi Fizi ni kupanda, na kuna kona moja ambayo abiria hawaipandi wakiwa juu ya gari. Hapo hushuka wote, na kila mmoja huokota jiwe na kutembea nalo nyuma ya magurudumu, ili gari likirudi nyuma likute mawe yanalisubiri. Hakuna anayeamrishwa. Hata mgeni hupewa jiwe lake, kama anavyopewa kitabu cha nyimbo mlangoni mwa kanisa.

Siku hiyo Isidore aliifikia kona akiwa kwenye gia ya tatu. Ya tatu ikakaba. Injini ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Ya pili, alijua, ingepiga kelele na kumtembeza kama kobe, lakini ingepanda. Kati ya hizo mbili hapakuwa na kitu. Akakanyaga klachi. Goti likakataa. Mguu ulifika nusu ya safari, ukateleza pembeni ya pedali, gia zikasaga meno, injini ikazima. Remorke ikaanza kumvuta nyuma.

Alikanyaga breki, akavuta na ile ya mkono kwa nguvu zake zote. Gari liliendelea kuteleza, kokoto zikilia chini ya matairi. Kisha likagonga kitu, likatulia. Mama Marthe alikuwa amepiga magoti vumbini, jiwe lake limebanwa chini ya gurudumu la remorke, na wenzake wakirundika yao juu ya lile.

"Ambreyaji imechoka," Isidore alisema aliposhuka. Ambreyaji ni hiyo hiyo klachi. Hakuna aliyebisha. Lakini Mama Marthe hakuwa akitazama gari. Alikuwa akitazama mkono wa Isidore, uliokuwa umeshika goti.

Walishusha saruji, wakaifungua remorke, wakaigeuza kwa mikono, wakapakia upya. Walirudi Baraka.

Kesho yake asubuhi Yasmina alimwita. Isidore alivaa shati safi, kama mtu anayekwenda kusikiliza kesi yake. Alipoingia alimkuta Mama Marthe ameketi na kikombe cha chai, akajua mambo yamekwisha semwa.

"Papa Isidore," Yasmina alisema, "goti iko namna gani?"

Alitaka kujibu kwamba ni zima. Maneno yaliyotoka yalikuwa mengine. "Inaniuma tangu Pasaka, Mama."

"Tangu Pasaka, na we unanyamaza. Jana ungeua bantu."

"Ni kweli."

Hakungoja kuombwa. Aliweka funguo zake mezani: miaka thelathini na mitatu, na uzito wake ulikuwa wa funguo mbili na kipande cha ngozi. Yasmina alizichukua, akazitia mfukoni. Halafu akasukuma mbele yake funguo nyingine.

"Ile ya Darius haina pedali ya kushoto. Leo utavuta na ile. Darius atakaa pembeni, akuonyeshe."

Isidore alizitazama funguo bila kuzigusa. "Mama Yasmina, ile motokari nimeitukana mwaka muzima."

"Haisikie Kiswahili," Mama Marthe alisema. "Panda, twende."

Aibu ya kwanza haikuchelewa. Hawajatoka hata mjini, mbuzi alikatiza barabara, na mguu wa kushoto wa Isidore ukakumbuka kazi yake. Ulikwenda kwa nguvu zote kutafuta klachi, ukaikuta breki. Gari lilisimama palepale kama limegonga ukuta. Miwani ya Darius iliruka hadi kwenye kioo, na huko nyuma akina mama wakaangukiana juu ya mifuko ya saruji.

"Papa," Darius alisema, akitafuta miwani yake chini, "mbuzi iko salama. Sisi je?"

Isidore alifikiri kidogo. Kisha akainama, akavua kiatu cha kushoto, akakiweka nyuma ya kiti. Mguu usio na kiatu unajua kwamba hauko kazini. Kuanzia hapo ulitulia juu ya mpira wa sakafuni, ukitingishika tu kila gari lilipobadilisha gia, kama mtu anayeitikia wimbo bila kuimba.

Chini ya ile kona abiria walishuka, wakainama kuokota mawe.

"Bamama, leo hakuna haja ya mawe," Darius aliwaambia kutoka dirishani.

"Haja iko," Mama Marthe akajibu. "Mi sijue vitesi yako. Jiwe ninaijua."

Isidore akakanyaga mafuta. Alisubiri ile kukaba ya gia ya tatu, mwili wake wote umekaza. Haikuja. Gari lilishuka gia moja, sauti ikapanda kidogo tu, kama mtu anayehamisha ndoo kutoka mkono huu hadi mkono ule. Mbele kidogo likashuka nyingine. Pale ambapo katika pikapu yake palikuwa na shimo kati ya ya pili na ya tatu, hapa palikuwa na gia imesimama ikisubiri. Injini haikulia wala haikutetemeka. Remorke ilifuata. Katika kioo aliwaona akina mama na mawe yao wakiharakisha hatua ili wasiachwe, na mmoja akalitupa lake kando.

Goti lake lilikuwa limelala tu. Isidore alipumua, na ndipo alipojua kwamba alikuwa hajapumua tangu chini.

"Sema basi, Papa," Darius alisema.

"Hawasemeshake shofere kwenye mulima."

Juu ya kona akina mama walipanda tena. Kuanzia hapo barabara inashuka mteremko mrefu hadi kwenye daraja la mbao, kabla ya kupanda tena. Hapo gari, likihisi wepesi, lilianza kupandisha gia moja baada ya nyingine, na mzigo ukaanza kulisukuma kutoka nyuma.

"Kanyaga freni tu," Darius alisema.

Isidore alikanyaga. Halafu akakanyaga tena, na harufu ikaingia dirishani, harufu ya breki zinazoungua, ambayo dereva hahitaji kuelezwa.

"Freni zako unabadilishaka kila wakati gani?"

"Kila miezi mbili. Za siku hizi ni mbaya."

"Si freni, mwanangu. Mulima unaushuka na vitesi ile ungepandia. Hii alama hapa pembeni ya kileva, ya kuongeza na ya kupunguza, ni ya nini?"

"Sijue. Mi hata siigusaka."

Isidore alisogeza kileva, ule mkono wa gia, pembeni, akakivuta kwenye alama ya kupunguza mara moja, mara mbili, mara tatu. Injini ikanguruma kwa chini, ikaushika mzigo kama mtu mwenye nguvu anavyoshika kamba ya ng'ombe. Walilifikia daraja kwa mwendo wa mtu anayetembea, wakavuka, mbao zikigonga moja moja.

Darius alivua miwani. "Hii kitu ilikuwa hapa mwaka muzima?"

"Uko na vitesi nane," Isidore alisema, "na ulikuwa unatumia freni moja." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaongeza polepole: "Kwa kupanda, mi ndiye nilikuwa nadanganya. Zinasaidia."

Fizi walipokelewa kwa vigelegele. Wakati mzigo unashushwa, Yasmina alipiga simu, akauliza kama mashine ni nzima, kama Papa Isidore ni mzima, kisha akatoa uamuzi wake papo hapo. Mizigo mizito ya milimani itavutwa na Isidore, kwa gia nane. Darius atachukua ile ya gia tano kwa samaki wa Lweba, kando ya ziwa kusiko na milima, kwa sababu magoti yake bado ni mapya.

"Papa," Darius alisema, akimrudishia simu yake aliyokuwa ameipokea, "ile klachi ni nzito sana?"

"Utazoea. Miaka thelathini tu."

Isidore aliiacha pikapu ikishushwa mzigo, akaenda kwa miguu nyumbani kwake, pale pale Fizi. Kwa kawaida mkewe, Georgette, humsikia akiwa mbali: ya tatu kwenye kona ya kanisa, ya pili chini ya shule, na ikilia ya pili, yeye huweka maji ya bugali motoni. Siku hiyo hakusikia kitu. Alimkuta anachambua maharagwe, na moto haujawashwa.

"Umekuja na nini, na mabawa?" Georgette aliuliza. Akamtazama chini. "Na kiatu ingine iko wapi?"

Isidore alikuwa akitazama njia ya kupandia mlangoni. Nyumba yao iko juu ya kilima kidogo, na kulikuwa na vidato vitatu virefu vya udongo vya kuifikia. Sasa vilikuwa sita, vifupi, vimechongwa upya, na jembe limeegemea ukuta.

"Nani alifanya hii?"

"Mi. Tangu Pasaka unapanda kwa matako kama mutoto, unafikiri sikuoni?"

Alipanda. Kimoja, cha pili, cha tatu. Nyumba ilikuwa pale pale ilipokuwa, kilima hakikupungua hata kidole kimoja, lakini goti halikumwambia neno. Alipofika juu akaanza kucheka, akacheka hadi Georgette akaacha maharagwe, naye akacheka bila kujua ni kitu gani.

Hayo yalikuwa Jumatatu. Msingi wa mashine ulimwagwa Jumanne, na fundi amesema usiguswe hadi Jumamosi, lakini kila jioni kuna mama anayepita na kuigusa saruji kwa kidole. Mabeseni ya mihogo mikavu yamekwisha pangwa mlangoni mwa banda la mashine; la Georgette ni la nne. Mama Marthe ameamua kwamba Jumamosi saa tatu asubuhi, atakayezungusha ile handeli ya kuwashia motere ni Isidore, kwa kuwa mikono yake haina kosa.

Leo ni Alhamisi. Isidore ameketi juu ya kidato cha sita, macho yake kwenye paa jipya la mashine kule chini. Maji ya bugali yako motoni. Na mguu wa kushoto, usio na kazi tena, unainuka kidogo, unakanyaga, unaachia.