Siku Wakwe wa Ainabkoi Walipoandaliwa Kware Kwetu Soy

Wakuu, salamu kutoka Eldoret, mahali ambapo baridi ya wiki hii inafanya mtu akumbuke kuoa.

Kisa hiki ni cha nyumbani kwetu kabisa. Sijakiongezea chumvi, na kama baba yangu angekuwa na smartphone angekuja hapa kuthibitisha, halafu anitukane kidogo kwa kuanika mambo ya boma. Ni kirefu, kwa hivyo weka chai karibu.

Mimi nauza chakula cha mifugo hapa mjini na naishi Langas. Sisi ni Wabukusu. Baba yangu, Mzee Wafula, alihamia Soy akiwa kijana, akafanya kibarua kwenye mashamba ya mahindi, na pole pole akanunua kipande chake. Si kikubwa, lakini ukimsikia akikielezea utadhani kinafika mpaka Kitale.

Mchumba wangu anaitwa Shiro. Ni mwalimu wa shule ya msingi, Mkikuyu, na kwao ni Ainabkoi, watu wa viazi na maziwa.

Sisi tulikuwa tumeshaenda kwao kujitambulisha, na tulipokelewa vizuri sana. Sasa ilikuwa zamu yao kuja kuona boma.

Kwa wale ambao hawajapitia hayo: wazazi wa msichana wanakuja kuangalia mtoto wao ataishi na watu gani. Wote mnacheka, mnaomba, mnakula. Hakuna anayesema ni mtihani, lakini hata mbwa wa boma anajua ni mtihani.

Basi nikaenda Soy kupanga menu. Nikasema mbuzi mmoja, kuku, chapati, ugali wa wimbi. Mama akakubali. Mzee akasema kuku na mbuzi ni sawa, lakini Mzee Kamau, yaani baba ya Shiro, atakula kware.

Nikamuuliza kware gani.

"Wa kutega," akasema. "Kuku hata wewe unaweza kununua hapo stage. Kware mtu anashika na mkono wake."

Wakuu, hapa lazima nieleze kidogo.

Kule kwetu, kutega kware ni sanaa ya wanaume wa zamani. Unasimamisha mti mrefu shambani, unatundika vikapu vilivyosukwa, na ndani ya kila kikapu kuna kware anayeimba. Alfajiri waimbaji hao wanawaita wenzao walio porini. Wenzao wanashuka kwenye nyasi zilizo chini ya mti, na huko ndiko mitego ya kamba iliko.

Mzee alikuwa bingwa. Na alikuwa na sheria zake. Ndege mwenye mayai anaachiliwa. Ukipata wa kutosha mboga ya siku hiyo unafungua mitego. Mwimbaji haliwi kamwe, hata akizeeka na sauti ikaisha, na mtu anayekula mwimbaji wake hawezi kuaminiwa hata na watoto wake. Alikuwa na hasira ya kweli na watu waliokuja baadaye na neti, wakakomba ndege wote kupeleka sokoni.

Kwa hivyo si kwamba mzee wangu ni mkatili. Sitaki mtu aje hapa chini kumwita poacher.

Lakini serikali haijui sheria za Mzee Wafula. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku kabla sijazaliwa, na hata ndege huwezi kutega bila kibali. Nikamwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba hata bila serikali, wale ndege wamepungua sana, nyasi zote zimekuwa mahindi na ploti.

Akaniambia nimesoma sana.

Nilienda mjini nikafikiri yameisha. Wikendi iliyofuata nikirudi, nikaona mti umesimamishwa nyuma ya nyumba, na vikapu vinaimba.

Tuligombana, sitaficha. Mimi nina mdomo, na yeye ndiye aliyenipa huo mdomo. Nikamwambia atatufunga sote. Ndipo akasema neno ambalo lilinikata maini.

"Mimi nilikuja hapa na jembe la mtu. Wale watu wako na ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu, wako na viazi za kujaza lori. Mbuzi tutakayochinja ni ya pesa yako. Kuku ni za mama yako. Sasa mimi nitampa mkwe wangu nini kimetoka kwa mkono yangu?"

Nilimhurumia baba yangu siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Aliyetuokoa ni Shiro. Nilimweleza, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akampigia Mzee simu.

"Baba, na ukishikwa na askari wa wanyamapori asubuhi ile wazazi wangu wanakuja, nani atawapokea? Nitawaambia baba mkwe yuko cell juu ya ndege?"

Mzee akacheka. Shiro akamwambia afuge. Anunue kware wa kufugwa wakiwa wadogo, awalishe mwenyewe, achinje mwenyewe, apike mwenyewe, na hapo hakuna mtu atasema hawajatoka mkononi mwake.

Mnakumbuka ile biashara ya mayai ya kware iliyoteka nchi hii? Kila mtu alikuwa anaenda kuwa tajiri, na mayai yalikuwa yanatibu magonjwa yote isipokuwa ujinga wetu. Wengi walilia. Lakini kuna wachache walibaki na ndege wao, na kupitia kazi yangu namjua mmoja mwenye kibali. Kabla hamjauliza, ndiyo, tulifuata taratibu zote za kuwaweka.

Mzee alipowaona akasema hao si kware, ni kuku waliokata tamaa. Lakini akawafungulia waimbaji wake mwenyewe, mmoja mmoja, wakaenda. Mti alikataa kuuangusha, na vikapu vitupu vikabaki juu.

Halafu akaanza kuwapenda wale kuku waliokata tamaa. Mama aliniambia kwenye simu kwamba mzee anachimbia ndege mchwa, anawapigia mluzi, na sasa chai ya asubuhi anakunywa kwenye banda lao. Mimi nilikuwa namletea feed ya dukani na yeye anaitupa kando. Anasema ina harufu ya mfuko.

Siku ikafika.

Walikuja kwa gari mbili. Mzee Kamau mwenyewe, mtu mrefu, mpole, kofia haimtoki. Mama Shiro. Wajomba na shangazi. Na Shosho, mama yake Mzee Kamau, anayekaribia miaka tisini, aliyekaa kiti cha mbele na kushuka kama waziri.

Kila kitu kilienda vizuri. Maombi, soda, utani wa mbuzi ngapi zitaenda Ainabkoi. Wakatembezwa shambani. Nilimwona Mzee Kamau akisimama chini ya ule mti, akiangalia vikapu.

Chakula kikaletwa. Mzee Wafula, ambaye maisha yake yote sijawahi kumwona akibeba sufuria, alibeba ile ya kware mwenyewe mpaka mbele ya mkwe wake. Alikuwa amewakausha juu ya moshi, akawapika na chumvi yetu ya majivu na malai ya maziwa. Harufu ilikuwa inafanya watu wasahau kuomba.

Mzee Kamau akaangalia ndani. Akauliza ni ndege gani. Akaambiwa.

Akarudisha kifuniko taratibu.

"Mzee Wafula, asante," akasema. "Lakini hii sitaweza. Kwetu hatukuli kitu cha porini. Tulilelewa hivyo. Mtu akionekana anakula kitu ya msitu, watu walikuwa wanajiuliza mifugo yake ilienda wapi."

"Hawa nimefuga," Mzee akasema. "Nimewalisha na hii mkono."

"Naamini. Lakini ni kware. Na ule mti huko nje nimeuona."

Wakuu, mama yangu akaacha kupakua ugali.

Muelewe uzito wake pande zote mbili. Kwetu mkwe akikataa chakula ulichompikia kwa mkono wako, ni kama amerudisha maneno yote yaliyosemwa tangu asubuhi. Na kwao, mzee wa watu alikuwa anajiuliza kama anampeleka binti yake kwenye nyumba ya watu wanaotafuta mboga porini. Hakuna aliyekuwa mbaya. Kila mmoja alikuwa ameshika heshima yake, na heshima hizo mbili zilikuwa zinagongana juu ya sufuria moja.

Shiro alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na chapati mkononi. Tukaangaliana. Mimi nilikuwa naona ndoa yangu ikirudi Ainabkoi kwa gari mbili.

Na sisi, kwa miezi yote hiyo, tulikuwa tumeogopa serikali tu. Mimi niko na mchumba Mkikuyu na sikuwahi kumuuliza kama kwao wanakula ndege wa porini. Yeye naye, mtoto wa kisasa, anakula kila kitu, haikumjia kwamba baba yake ni wa zamani hivyo.

Ndipo Shosho, ambaye masikio yamechoka kidogo, akauliza kwa Kikuyu mbona watu hawali. Mama Shiro akamwinamia akamweleza.

Shosho akanyoosha mkono akafunua sufuria. Akanusa.

"Hii nimekula," akasema kwa Kiswahili, ili tusikie wote.

Mzee Kamau akageuka. "Umekula lini, Mama?"

"Nikiwa msichana. Wakati ya Emergency. Nilikuwa napelekea wapiganaji wa Mau Mau chakula msituni, siku moja askari wakafunga njia, nikashindwa kurudi. Nikakaa na wao huko. Tulikula swara. Tulikula ndege. Chenye kamba ilishika, tulikula."

Mzee wa watu alivua kofia. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kichwa chake.

"Na sisi ulitukataza hata sungura," akasema. "Ulinichapa juu ya sungura."

"Nilikuchapa," Shosho akasema. "Hiyo ilikuwa chakula ya shida. Sikutaka mtoto wangu aijue."

Shosho akaendelea, kana kwamba anazungumzia bei ya maziwa. Akasema huko msituni, wakipata mnyama, mmoja wao alikuwa anaomba Mungu msamaha kwanza, kwa sababu wanyama wa msitu ni ng'ombe zake, na wao wamechinja bila kuuliza. Na walikuwa wanachukua wa kuwatosha tu.

Mzee Wafula akaitikia kwa kichwa polepole. Nilijua anasikia sheria zake mwenyewe zikitoka kinywani mwa mtu ambaye hajawahi kukutana naye kabla ya siku hiyo.

Shosho akachukua kware mzima. Akala bila haraka, akanyonya hadi mifupa. Akasema, "Ya huko haikuwa na chumvi." Akaomba mwingine.

Mama Shiro alikuwa analia na kucheka pamoja. Shangazi mmoja akajipakulia kimya kimya. Na mwishowe Mzee Kamau akanyoosha mkono akachukua mguu mmoja, ule mdogo wa kutosha jino moja. Alitafuna kama mtu anayemeza dawa. Halafu uso ukafunguka.

"Mtu akitaka kushiba ni wangapi?" akauliza.

"Mkwe, ndio maana tumechinja mbuzi," Mzee Wafula akajibu.

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Baada ya hapo sikumbuki tena mpangilio wa mambo. Najua Mzee Kamau alikula huo mguu mmoja tu, akahamia kwa mbuzi kwa amani. Najua alimlalamikia Mzee wangu juu ya nungunungu wanaomaliza viazi vyake, lakini akamwomba asije Ainabkoi na kamba zake. Najua wajomba waliimba, na mama yangu, ambaye hajui neno moja la Kikuyu, aliimba pamoja nao kwa nguvu zote.

Wakiondoka, Shosho alimshika Mzee Wafula mkono, hakuuachia haraka. Akamwambia mwanawe, mbele yetu sote, "Huyu msichana hatalala njaa hapa."

Yakaisha hapo. Mengine yote ya mahari yalikuwa hesabu tu. Tulifunga ndoa, na mimi naandika haya nikiwa mtu wa familia, tumbo limeanza kutokeza.

Juzi nikiwa Soy nikaona Mzee ameangusha ule mti. Ameukata kuni. Nikamtania, nikamuuliza bingwa amestaafu lini.

"Yule Shosho alitega kwa sababu ya njaa," akasema. "Mimi nilikuwa nataka sifa."

Halafu akaenda kuwapigia ndege wake mluzi.

Wakuu, mimi somo langu ndilo hilo, sina la kuongeza. Nyama ya porini si dhambi kwa jina lake, lakini kabla ya kuua kiumbe jiulize unaua kwa ajili ya nini, na ujibu bila kujidanganya. Pia ukioa kabila lingine, uliza menu mapema. Usifanye kama mimi.

Karibuni tuongee. Wazee wenu walikuwa na sheria gani za kutega au kuwinda? Na kuna mtu hapa amewahi kuandalia wakwe kitu wakakikataa? Wale wa kunitukana pia mnakaribishwa, ila msimguse Shosho.