Bolti Mbili za Tela

Mafuta ya taa yakimwagiwa chuma chenye kutu hutoa harufu ya peke yake. Juzi mjukuu wangu alikuwa akihangaika na bawaba za geti, akazimwagia mafuta ya taa, nami niliyekuwa ndani nikichambua maharage nikaweka ungo chini. Nililiona tena lori la baba mdogo, la utotoni mwangu.

Lilikuwa lori kuukuu. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, alipokuwa akirudi kwao, alimwachia baba mdogo Jonasi lori hilo pamoja na tela lake, maana vilikwisha kunyeshewa miaka mingi na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva. Baba mdogo alijifunza udereva vitani, na tangu arudi hapakuwa na kitu cha chuma kilichomtisha. Baba yangu, kaka yake, alikuwa mkulima wa kahawa hapo kwetu Ihanda, mtu wa maneno machache, lakini aliwahi kufanya kazi karakana ya mgodini ng'ambo ya mpaka, na mkono wake uliijua spana.

Mwaka huo shangazi alikuwa anaolewa Ndalambo, na ukoo mzima ulitaka kwenda. Lori peke yake lisingetosha. Kile chuma cha nyuma kinachoshika tela kilikuwa kimepinda, ikabidi kifungwe kingine, na kwanza zile bolti nne za zamani zitoke. Kutu ilikuwa imezila hata nati na bolti zikawa kitu kimoja. Walizinywesha mafuta ya taa jioni, wakazigonga asubuhi, wakazinywesha tena. Baba akachochea mkaa, akazipasha moto. Mimi nilikuwa juu ya tela nikicheza harusi kwa magunzi ya mahindi, na kila walipogonga, maharusi wangu walianguka. Baba mdogo alizitukana zile bolti kwa Kiingereza cha jeshini. Bibi, akidhani anasali, alikuwa akiitikia amina kutoka jikoni.

Mbili zilitoka. Ya tatu ilikatikia ndani ya tundu. Ya nne iliviringika kichwa, spana ikawa inateleza tu.

“Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi,” alisema baba mdogo kwa Kiswahili, kisha akarudi kwenye Kinyiha chetu. “Tufunge mbili mpya, twende.”

“Matundu mawili yameziba,” baba alisema. “Tungoje tupate keekee, tutoboe upya.”

“Harusi haingoji keekee, kaka. Vitani tulikokota mizinga kwa waya.”

“Mzinga hauna mama wa kuulilia.” Baba aliifuta spana kwa kitambaa. “Kama ni lazima, tela libebe mizigo tu. Mchele, kuku, vyungu. Watu wapande lori.”

“Sawa, kaka.”

Nilisikia kwa masikio yangu, nimelala kifudifudi juu ya mbao, wao wakiwa chini yangu.

Asubuhi ya safari baba alikwenda kwa jirani kumfuata mbuzi wa zawadi. Aliporudi alikuta tela limejaa watu. Lori lilikuwa limebana, akina mama walikuwa na nguo zao nzuri, na baba mdogo alikuwa amewaambia wapande. Baba alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alitazama usukani. Kumshusha mtu mzima siku ya harusi ni kumtukana, na bibi alikwisha kuita kutoka juu, “Panda, mwanangu, jua linatuacha.”

Baba alipanda tela, akakaa nyuma kabisa, akanipakata. Alinikumbatia kwa nguvu hata vifungo vya koti lake vikaniacha na alama mgongoni. Nilidhani amefurahi.

Kabla hatujafika Tunduma, katikati ya mlima, maji ya injini yalichemka na lori likasimama. Baba mdogo aliruka chini na jiwe, akaja mbio kuweka kigingi kwenye gurudumu la tela. Alikuwa ameinama pale chuma kilipong'oka. Tela lilianza kurudi nyuma, sote tukiwa juu yake. Angeweza kukimbia. Alilisukuma jiwe kwa mkono, kisha kwa mguu, na tela likapanda juu ya jiwe na mguu, likasimama.

Hakufa mtu. Shangazi aliolewa bila sisi. Hospitali ya misheni walimkata baba mdogo mguu chini ya goti.

Aliporudi nyumbani, wazee wa ukoo walikaa uani kwetu.

“Nani alikifunga kile chuma?”

“Mimi,” alisema baba.

“Ulijua hakikushika vizuri?”

“Nilijua.”

“Na watu ukawapakia?”

Baba hakujibu. Baba mdogo alikuwa kwenye mkeka, akivuta nyuzi za blanketi moja moja. Nikafungua mdomo.

“Mama,” baba aliniambia, jina alilozoea kuniita nilipougua, “kamletee baba yako mdogo maji.”

Nikaenda.

Tangu siku ile hakuna aliyemwomba baba ashike spana. Shuleni, mzigo wowote uliolegea uliitwa fundo la baba yangu. Baba mdogo alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, na watu walizileta hata kutoka ng'ambo, kwa fundi aliyeutoa mguu wake kwa ajili ya ukoo. Niliacha kumwamkia. Baba alinichapa kwa hilo, mara pekee aliyowahi kunichapa.

Nilimuuliza mama kwa nini baba alikubali lawama ile, baada ya kumzika, nikiwa mtu mzima mwenye watoto.

“Baba yako alikuwa na miguu miwili na shamba,” alisema. “Mwenzake alibaki na nini? Wangesikia kuwa ni yeye aliyewapakia, nani angempelekea hata pampu?”

“Na baba mdogo alijua?”

“Uliwahi kumwona akimtazama baba yako usoni?”

Sikuwahi. Utotoni nilidhani mtu lazima awe mmoja, ama yule aliyetupandisha kwenye tela, ama yule aliyeuweka mguu wake chini ya gurudumu. Baba mdogo alikuwa wote wawili. Baba aliwajua wote wawili, akaamua kijiji kimjue mmoja.