Tulipaka rangi, mununuzi akaenda kwenye choo

Leo nyumba yetu ya hapa Kasongo imekosa mununuzi juu ya choo.

Mume wangu alisema choo kipya kitapandisha bei. Mimi nilisema rangi.
Tukafanya vyote viwili.

Mununuzi, muchimba zahabu wa Salamabila, amefika asubui na pikipiki.
Rangi hakuitazama.
Akaenda moja kwa moja kwenye udongo uliotoka mu shimo ya choo.
Akaniomba beseni na maji.
Beseni yangu ya kufulia, jamani.
Akaosha ule udongo polepole, akachungulia.

«Nyumba iko muzuri, mama. Lakini hapa hakuna kitu.»
Akapanda pikipiki.

Nilizania mume wangu atakasirika.
Sasa iko nyuma ya jikoni, anachimba.
Anasema yule mutu amepima upande mubaya.

Niambieni: nyumba yenye mashimo mbili inapanda bei ao inashuka?