Maji ya Moto kwa Mbegu za Msonobari

Baba yangu alikuwa polisi mstaafu. Kiharusi kilipompoozesha upande mmoja alibaki na jambo moja tu kichwani: kuzikwa kwenye shamba lake, kwao kaskazini. Lakini shamba lilikuwa limelala miaka mingi, na ndugu zake wakamwambia wazi: ukipanda miti mvua zijazo, ni lako, usipopanda, linarudi kwa ukoo. Basi akanigeukia mimi, binti yake mwenye kitalu cha miche huku mjini, pale Kasubi.

Mbegu za msonobari alizitafuta mwenyewe kwa simu, kwa rafiki wa zamani wa kazini. Likaja kopo moja. Akanipa maelekezo kama anatoa amri: "Maji ya baridi, kutwa na kucha. Zinazoelea, tupa. Zilizozama, anika kivulini, halafu panda." Hata udongo alinituma nikauchote chini ya misonobari mikongwe ya shule moja Mengo, eti mti huo haukui vizuri bila udongo wa wenzake. Nilikwenda huku nanung'unika njia nzima.

Sasa, mimi nimekuza migunga miaka mingi. Mbegu ya mgunga ni ngumu. Usipoimwagia maji ya moto utangoja mpaka uzeeke. Nikajiambia, huyu mzee kazi yake ilikuwa kukamata wezi, mbegu atazijulia wapi? Nikabandika sufuria kwenye sigiri, maji yakachemka, nikayamwagia mbegu zote. Zote, jamani, banange! Hata za kujaribia sikubakiza. Kiburi kitu kibaya.

Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kila asubuhi baba aliuliza kutoka kitandani, "Zimetoka?" Nami, "Bado, Mzee, tulia." Wiki ya nne nikafukua moja, nikaiminya kwa kucha. Ndani uji wa kahawia, unanuka. Nikafukua ya pili, nikafukua ya kumi. Nilikaa pale chini nikajitukana kwa kila lugha ninayoijua. Miche ya msonobari hukaa kitaluni miezi. Hata tungepata mbegu nyingine siku ileile, mvua zisingetungoja.

Nikaingia ndani nikamwambia: ni maji ya moto, ni mimi. Nilitaka anifokee kama zamani. Akasema tu, "Wapigie ndugu zangu simu, shamba walichukue. Wasingoje bure."

Ndugu zake wakajibu kwamba siku yake ikifika aletwe tu, watamtafutia pembe kwenye shamba la mdogo wake. Akakataa katakata. Hazikwi kwao akiwa mgeni, alisema, na hilo hakulibadilisha.

Alikufa katikati ya mvua zilezile. Mwenye nyumba wetu, mtu ambaye si ndugu wala si wa kabila letu, akatupatia kipande cha ardhi nyuma ya migomba ya nyumbani kwake. Mpaka leo, nikitaka kupalilia kaburi la baba yangu, nasimama kwanza getini kwa watu, nabisha hodi.