Bwana Ameniandalia Mahari

Mwaka jana nilirudi Kigali kuimba opera, ule mchezo ambao watu wanapendana, wanagombana na kufa kwa kuimba tu, tena bila kipaza sauti. Kabla ya onyesho nilipita mtaa wa Niboye kutafuta kanisa letu. Pale lilipokuwa pana ghorofa la maduka. Nilisimama kama mtu aliyesahau alichotumwa, kisha nikacheka peke yangu. Maana mimi, rafiki yangu, ndani ya kanisa lile niliaibika mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Ilikuwa mwaka 1992, nina miaka kumi na mmoja. Sauti nilikuwa nayo, sijisifu. Nikiimba huku naosha vyombo, jirani alikuwa anazima redio. Mwalimu wa kwaya, aliyekulia Bukoba, akanipa kuongoza wimbo wa Pasaka kwa Kiswahili, kwa sababu tungepokea wageni kutoka Tanzania. Siku ya kwanza ya mazoezi nikavuta pumzi, nikaimba kwa imani yangu yote: "Bwana ameniandalia mahari."

Sisi wa Kigali, r na l ni mtu na ndugu yake. Ukimwita huyu anaitika yule. Nilitaka kusema mahali, kule mbinguni. Kumbe nimetangaza kwamba Mungu ananitolea mahari. Mwalimu akavua miwani, akauliza taratibu, "Ng'ombe wangapi?" Kwaya nzima ikavunjika mbavu. Tangu hapo, kila nikipita njiani ni "ng'ombe wangapi, dada?" Mwalimu akanipa wiki mbili: ulimi usiponyooka, wimbo atapewa mwingine. Nililia mpaka nikapata kwikwi, kwa kuwa niliupenda wimbo ule kuliko chakula.

Bibi yangu ndiye aliyeniokoa. "Ulimi hauna mfupa," alisema, "basi utakunjika." Kila jioni tulichambua maharage kwenye ungo. Punje nzuri, niseme mahali. Punje mbovu, mahari. Nikikosea, punje inarudi kwenye ungo na kazi inaanza upya. Sufuria ilichelewa kuinjikwa siku nyingi, na nyumba nzima ikawa inaniombea, si kwa upendo, kwa njaa.

Siku ya Pasaka nikaimba mahali, l safi kabisa. Wageni wakasimama. Bibi alikuwa amefumba macho, vidole vyake vinachambua maharage yasiyokuwepo.

Ulimi huo huo ulinipeleka chuo cha muziki Ulaya, ukanipitisha kwenye michezo ya jukwaani inayochanganya nyimbo na maongezi, hadi opera. Mwalimu wangu Mwitaliano aliniuliza nilijifunzia wapi kutenganisha r na l vizuri hivyo. Nikamjibu, kwenye maharage. Akadhani ni jina la shule.

Bibi, mwalimu wa kwaya na karibu wenzangu wote waliuawa mwaka 1994. Hilo siwezi kuliandika kwa urefu.

Onyesho lilipokwisha, ukumbi mzima ulisimama, wakaomba wimbo mmoja zaidi. Nikawaimbia ule wa Pasaka, na nilipofika penyewe, makusudi kabisa, nikaimba mahari. Watu wakadhani nimeteleza. Ndipo kutoka safu ya nyuma sauti ya mwanamke wa rika langu ikauliza, "Ng'ombe wangapi, dada?"

Peke yangu nisingeweza kuumaliza wimbo. Tuliumaliza wawili, mimi jukwaani, yeye kule nyuma, na sauti ya pili ya kwaya yetu aliikumbuka yote.